Kila Idd Ndogo Baba Hakuwepo

Shikamoo Mama,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukuandikia. Baba yetu alifariki mwezi uliopita hapa Tanga akiwa na umri wa miaka 77. Arobaini yake imekaribia, na ndugu zangu wamenichagua niandike wasifu utakaosomwa siku ya kisomo na kuchapwa kwenye karatasi ya kugawia watu. Wamenichagua kwa sababu mimi ni mwalimu, nimezoea kuandika. Wiki mbili sasa niko na karatasi mbele yangu. Nimeandika jina lake na mwaka aliozaliwa, basi.

Baba alikuwa mtu wa bahari. Alianza ubaharia mwaka 1969 kwenye meli za nje, akawa anakwenda Ulaya na kurudi. Mimi nilizaliwa mwaka 1974 hayupo. Mama yangu anasema baba aliponiona mara ya kwanza nilikuwa nimeshaota meno. Baadaye akaacha meli za nje, akaajiriwa bandarini hapa hapa Tanga kwenye matishari, mpaka akawa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa tagi, lile boti la kuyavuta. Alistaafu mwaka 2008. Miaka yote hiyo ya bandarini alilala nyumbani kwetu, lakini sikumbuki kama niliwahi kukaa naye tukazungumza saa nzima. Alikula saa ambazo watu hawali. Alilala mchana, nasi tukafundishwa kunyata. Maneno yake mengi kwetu yalikuwa "fungeni mlango" na "zimeni taa".

Kinachoniuma zaidi ni Idd. Idd ndogo hakuwahi kwenda nasi kuswali, au kama aliwahi mimi sikumbuki. Watoto wenzetu waliongozana na baba zao wamevaa kanzu mpya, sisi tulikwenda na mjomba. Baba alikuja saa tano, saa sita, ananuka dizeli, anatupa mkono wa Idd, anakula pilau iliyopoa, analala. Cha ajabu, Idd kubwa alikuwepo, na alichinja mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1979 na sasa anaishi Dar es Salaam, husema baba alichagua Idd ya nyama. Habari ya wasifu hataki hata kuisikia. Matangani alisema mbele ya watu: "Baba alikuwa mgeni humu ndani, mwandikeni kama mgeni."

Tumefungua sanduku lake. Mna kitabu chake cha baharia, kila safari imegongwa muhuri wa Kiingereza wenye maana ya "vizuri sana". Mna kipande cha kamba ya katani kilichosukwa kitanzi mwishoni. Na mna madaftari saba yaliyojaa tarakimu tupu, kama 10:10, 10:50, 11:30, 12:15, kurasa kwa kurasa, na pengine pembeni herufi ya kwanza ya jina langu au ya jina la mdogo wangu. Yeye anasema ni namba za bahati nasibu, zichomwe. Mama yangu yuko eda, hasemi kitu. Nikimuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, hunijibu: "Baba yako alikuwa mtu wa maji."

Nitaandika nini, Mama, juu ya mtu nisiyemjua?

Binti wa Serahangi, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na makiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, na ampe mama yako subira katika siku za eda.

Nianze na madaftari, maana hayo yanaweza kuwa jivu kabla jibu hili halijakufikia. Yafungie kabatini, ufunguo uutie mfukoni. Hizo si namba za bahati nasibu. Zitazame tena kama ulivyoniandikia: 10:10, 10:50, 11:30, 12:15. Kila moja imesogea mbele ya mwenzake kwa dakika 40 au zaidi kidogo. Mimi nimezaliwa Pangani, nikajua saa ya kujaa maji kabla sijajua kusoma saa ya ukutani, na nilipofika kwenye mstari ule wa barua yako niliinuka kitini. Hayo ni maji, mwanangu. Baba yako alikuwa akiandika saa za kujaa kwa maji.

Wewe umekulia Tanga kwa hiyo haya unayajua, ila pengine hukuwahi kuyahesabu. Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kesho yake huchelewa, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Wastani wa kuchelewa huko ni dakika 50. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupungua hadi 40 hivi, siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, huweza kuzidi saa nzima. Na katika pwani yetu bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, kisha tena saa hizo hizo jioni. Sasa isome ile tarakimu ya kwanza kwa saa za Kiswahili: saa kumi na dakika kumi.

Halafu rudi kwenye neno la mama yako. Umelichukua kama neno la mtu anayekwepa swali, nami nadhani amekujibu kwa ukamilifu kuliko mtu yeyote katika msiba huu. Sisi watu wa pwani tunaposema maji yamejaa, maji yamekupwa, maji yamekufa, hatusemi habari ya maji ya mtungini. Mama yako alipokwambia baba yako ni mtu wa maji, alikueleza kwa nini aliamka alipoamka na kwa nini alilala alipolala. Leo kazi imeanza saa kumi alfajiri, keshokutwa karibu saa kumi na moja na nusu, wiki moja baadaye saa nne na nusu mchana. Nyumba gani itamwekea mtu huyo chakula kwa wakati? Nyinyi mliishi kwa jua na kengele ya shule. Yeye aliishi kwa mwezi, chini ya paa hilo hilo.

Sasa Idd. Hapa nataka uchukue kalenda ya Kiislamu uikalie kwa utulivu, kwa sababu umeniuliza jambo moja na barua yako imebeba jibu la jambo jingine.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja au mbili baadaye. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, nayo pia huchelewa siku moja mbili. Idd ndogo ni mfungo mosi, mwezi mosi, siku ile ile mwezi umeandama. Kwa hiyo Idd ndogo huangukia bamvua kila mwaka, iwe kiangazi au masika. Idd kubwa ni tarehe 10 ya mfungo tatu, mwezi umevuka nusu siku mbili tatu tu: hayo ni maji mafu, kila mwaka vilevile. Ulipoandika kwamba baba hakuwepo Idd ndogo na alikuwepo Idd kubwa, uliandika jedwali la maji bila kujua.

Na maji yalikuwa na maana gani kwa serahangi wa Tanga? Watoto wa leo wakisimama Raskazone wanaona meli imefunga gatini, wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Gati la Tanga lilikuwa na kina kidogo, meli kubwa zikitia nanga huko nje ghubani, na kila kitu, kinachoingia na kinachotoka, kilipita juu ya matishari yaliyovutwa na matagi. Tishari halina injini. Ni sanduku la chuma linalokwenda linakopelekwa. Robota moja la katani lina kilo 250, kwa hiyo marobota 400 tayari ni tani 100. Chombo kilichobeba hivyo kinataka maji ya kutosha chini yake, na maji mafu hayapandi sana. Tishari zito likikawia, meli nayo inangoja, na meli inayongoja inagharimu watu fedha. Bamvua ya alfajiri ndiyo iliyokuwa na maji mengi, tena maji yenye nguvu na mkondo mkali, na hapo ndipo alipohitajika mtu aliyeujua mkondo kwa mikono yake. Sisemi kwamba kila Idd kulikuwa na meli inayongoja. Wazee aliofanya nao kazi watakuambia zaidi. Ila ule mtindo ulioukuta ukiwa mtoto, wa baba kukosekana Idd hii na kuonekana Idd ile, haukutokana na mapenzi ya nyama.

Mdogo wako naye nisimpite hivi hivi. Usichukue gazeti hili ukampigia simu kumsomea hesabu za mwezi kama mtu aliyeshinda kesi. Mtoto wa miaka saba aliyekwenda kuswali Idd na mjomba hakuwa akidai maelezo ya bahari, alikuwa akimdai baba. Deni hilo halikulipwa, na kujua sababu yake hakulilipi. Inawezekana pia kwamba ziko Idd ambazo baba yako angeweza kubadilishana zamu na mwenzake asifanye hivyo. Wanaume wengi wa kizazi chake waliona kazi ndiyo mapenzi yenyewe, wakaishia hapo. Mdogo wako ana haki ya kusema aliyoyasema. Mimi ningemwachia sentensi yake moja ndani ya wasifu, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni hayo ya mgeni. Watu wa Tanga waliolelewa na mabaharia na makuli wa bandarini watakaoketi kwenye majamvi siku hiyo hawatashangaa. Wengine watainamisha vichwa kwa kujitambua.

Lakini kuna jambo moja ningependa ulitazame kabla ya kuzungumza naye. Umeandika "baadaye akaacha meli za nje", bila kutaja mwaka. Mistari michache mbele yake umetaja kwamba mdogo wako alizaliwa mwaka 1979. Kitabu cha baharia unacho mkononi. Muhuri wa mwisho wa kushuka melini ni wa mwaka gani?

Naweza kuwa nimekosea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Shirika la Bandari la nchi tatu likavunjika nalo, Tanzania ikaunda mamlaka yake ya bandari, na huenda nafasi za kazi zilifunguka hapo Tanga kwa sababu hiyo tu. Ila kumbuka miaka ile ilikuwaje. Vita vya Kagera, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, nguo ya kadi. Baharia wa meli za nje alikuwa mtu wa kuonewa wivu mtaani. Alirudi na redio, na vitenge, na sabuni ya kunukia. Mtu aliyeacha hayo akaenda kuvuta matishari alikuwa na sababu, na mama yako anaijua. Kama tarehe zitakaribiana, mwoneshe mdogo wako kitabu chenyewe, nyinyi wawili tu, bila kuongeza neno. Usilisome hilo kisomoni.

Kitabu hicho kisome chote namna hiyo. Chukua karatasi uigawe kati kwa mstari. Upande mmoja andika tarehe za kupanda na kushuka melini kama zilivyo kitabuni. Upande wa pili andika siku za nyumba yenu: ndoa ya wazazi wako, kuzaliwa kwako, kufariki kwa bibi, kujengwa kwa chumba cha uani. Kisha acha safari, usome nafasi zilizo wazi baina ya safari moja na nyingine. Humo ndimo alimokuwa baba yako. Ofisi haikuandika lolote juu ya siku hizo kwa kuwa hazikuwa kazi, na ninyi hamkuziandika kwa kuwa mlidhani ziko nyingi.

Utaona pia kwamba miaka ya mwanzo nafasi hizo ni finyu sana. Hilo lina sababu yake. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita mwezi Juni 1967, haukufunguliwa tena mpaka Juni 1975. Baba yako alianza mwaka 1969, kwa hiyo miaka yake sita ya kwanza kila meli ya Ulaya ilizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema. Nawe ulizaliwa mwaka 1974, mfereji bado umefungwa. Mtoto huota meno akiwa na miezi sita au saba. Habari ya kuzaliwa kwako huenda aliipata kwa barua iliyotangulia meli kwenye bandari fulani, kwa wakala, ikamsubiri pale. Mwulize mama kama alimwandikia mwenyewe, au alimtafuta mtu wa kumwandikia.

Ile mihuri ya "vizuri sana" nayo ina habari. Zamani, katika vitabu vya mtindo wa Kiingereza, nahodha alimgongea baharia muhuri wa tabia na uwezo kila mwisho wa safari. Maneno mawili hayo ndiyo yaliyomlisha mtu, na muhuri ukikosekana, au ukiwa wa namna nyingine, ulimfungia milango ya meli zote. Ndiyo maana Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza hati ya baharia kusema lolote juu ya ubora wa kazi yake au mshahara wake. Hati ya leo inasema meli gani, cheo gani, kutoka lini hadi lini, basi.

Nimelileta hili kwa sababu linagusa ule ukurasa wako mweupe. Nilipomzika baba yangu, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli, niliandika wasifu nikausoma kwa sauti nzuri. Alikuwa mchapakazi, mpole, mcheshi, mcha Mungu, mwenye kupenda watu wote. Watu wakaitikia. Usiku, wageni wameondoka, mama akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, yule uliyemsoma leo ni nani?" Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimegonga mihuri. Vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana, na mtu mwenyewe hayumo. Baba yangu alikuwa akikunja tiketi zilizotumika akatutengenezea vyura, na hilo sikuliandika, nikiliona dogo mno. Leo ndilo pekee ambalo wajukuu wangeweza kulishika.

Kwa hiyo usimgongee baba yako muhuri. Andika vitu. Andika saa alizokula. Andika harufu ya dizeli, kwa kuwa kila aliyewahi kumpa mkono ataijua. Andika kwamba nyumba nzima ilinyata mchana, na kwamba kwa miaka yote ya bandarini aliamka kwa mwezi wala si kwa jua. Andika Idd zote mbili. Andika "fungeni mlango" na "zimeni taa". Mtu anayetoka alfajiri akiacha watoto wamelala ndani huwa na sababu ya kuutazama mlango, na aliyezoea kuangaza macho gizani hupenda taa izimwe. Wasifu wako usizidi ukurasa mmoja. Usiogope ukiwa mfupi.

Mama yako usimuulize tena baba alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo halijibiki, hata mimi ukiniuliza juu ya mume wangu nitakutazama tu. Mwulize mambo yenye mkono na mguu. Akirudi usiku aligongaje mlango? Nani alimfungulia? Alianza na maji ya kuoga au chakula? Alikuwa akikaa wapi kabla usingizi haujamjia, na je, aliwahi kuingia chumbani kwenu mkiwa mmelala? Uliza moja, kisha menya viazi, kunja nguo, mwache. Eda ni miezi minne na siku kumi, na humo mna saa nyingi za kimya ambazo hamtazipata tena mkiwa wawili. Si lazima yote yapatikane kabla ya arobaini. Karatasi ya kisomo itatoka na kilichopo. Yatakayokuja baadaye yaandike kwenye daftari la nane.

Wazee wa matishari hao usiwachelewe. Miaka ya karibuni bandari ya Tanga imechimbwa, lango la meli limetoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na gati limerefushwa meli zije zifunge zenyewe. Ni jambo jema kwa mji, nalifurahia. Lakini kazi ya baba yako imeondoka pamoja na ule mchanga, na wanaoijua ni wanaume wenye umri kama wake, wanaokaa barazani jioni. Nenda na mwanao au wa mdogo wako, peleka kahawa na kashata, toa shikamoo kwa kila mmoja, kisha omba wakueleze asubuhi moja tu ya bamvua tangu tagi linapotoka hadi linaporudi. Washa simu irekodi. Usiwakatize wanapobishana, wakibishana juu ya jina la chombo au juu ya nani alikuwa amesimama omo na nani tezi, hapo ndipo watakapokumbuka mengi. Waoneshe ile kamba.

Kamba hiyo usiidharau. Kitanzi kile hakikufungwa fundo. Nyuzi za kamba zimefumuliwa, zikarudishwa moja moja ndani ya kamba yenyewe mpaka zikashikana, na ni kazi ya mikono iliyozoea. Katani ya Tanga ilikuwa ikipita juu ya tishari la baba yako kama mzigo, ikaenda nchi za mbali kusokotwa, nyingine ikarudi melini kama kamba. Mwaka 1964 nchi hii ilivuna zaidi ya tani 200,000 za katani. Miaka ya 1990 hazikufika hata 40,000, kwa kuwa nailoni na kamba nyingine za plastiki zilikuwa zimeshika soko. Baba yako alishuhudia mzigo wake ukipungua mwaka hadi mwaka. Kwamba alihifadhi kipande kimoja, tena alichokisuka mwenyewe, hilo litie kwenye wasifu.

La haraka kidogo: hati zote za ajira, pamoja na kitabu cha baharia, toa nakala kabla hazijazunguka mikononi mwa watu. Zinaweza kuhitajika kwenye mirathi na mafao ya mama.

Nimebakiza herufi za majina yenu pembeni mwa tarakimu. Hizo siwezi kukusomea, maana mwandishi alijiandikia mwenyewe. Ila unaweza kujaribu. Tafuta tarehe unayoikumbuka kwa hakika: siku ya kuitwa wazazi shuleni, siku mdogo wako alipotiwa jando, siku ya ndoa yako. Fungua daftari la mwaka huo utazame maji yalikuwa yakijaa saa ngapi, na kama kuna herufi. Huenda alikuwa akitafuta mapema ni siku zipi maji yatamruhusu. Huenda ni jambo jingine kabisa. Mkipata mbili tatu zinazolingana, mtajua.

Na Idd ndogo ijayo, mwombe mdogo wako aje Tanga na watoto wake, walale hapo nyumbani. Msimwambie sababu. Alfajiri, kama saa kumi na nusu, waamshe wote mwende ufukweni, wewe umechukua daftari moja. Maji yatakuwa yamejaa pomoni. Mwache mdogo wako alisome daftari kwa mwanga wa simu, aangalie saa, aangalie maji. Kisha rudini mkaoge, mvae. Mtawahi swala.